Mtoto alishapigwa MRI ikawa safi, kwa nini daktari anataka nyingine?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Mwanza, nalifupisha kidogo (CT na MRI ni picha za ndani ya kichwa, CT kwa eksirei, MRI kwa sumaku): "Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka mitano na nusu, kifafa kilimuanza akiwa na miezi tisa. Alipigwa CT wakasema safi, akiwa na mwaka na miezi miwili akapigwa MRI wakasema safi pia. Ametumia valproeti, sasa yuko kwenye kabamazepini, imepungua ila haijaisha. Inamuanza mchana akiwa macho kabisa, mkono wa kulia unachezacheza, mdomo unavutwa upande huohuo, mate yanatoka, ananiangalia ila hawezi kuongea, saa ingine inaishia hapo saa ingine anaanguka. Daktari mpya anataka MRI nyingine ya kisasa zaidi, nimepewa karatasi ina fMRI, DTI, spektroskopia, na sindano ya kung'arisha picha, bei imenitisha. Shemeji anasema ni biashara tu, mama mkwe anasema mionzi itammaliza mtoto. Na atalazwa usingizi. Nifanyeje? Halafu samahani kuna kingine kidogo, siku hizi anapenda kulia chakula mkono wa kushoto, bibi yake anamgombeza sana."

Marahaba dada yangu, na pole sana, miaka mitano ya kulala jicho moja liko wazi siyo kazi ndogo.

Naanza na hilo la mwisho uliloliita dogo, maana kwangu mimi ndo kubwa kuliko yote uliyoandika. Mtoto aliyekuwa anakula kwa kulia afu taratibu anahamia kushoto, hajakosa adabu, mara nyingi mkono wa kulia wenyewe umeanza kuchoka, tonge linamponyoka, kwa hiyo anatumia mkono unaomtii. Sasa angalia, mkono wa kulia, upande wa kulia wa mdomo, na kuongea, hivi vitatu kwenye ubongo ni majirani, viko upande wa kushoto, mkono na mdomo vimepakana kabisa kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja na sehemu ya kuongea kwa watu wengi ipo hapo mbele yake kidogo. Kifafa chake kinaanzia mtaa huo, na udhaifu unatokea mtaa huohuo. Jaribu hivi nyumbani, ila chagua siku ambayo hajaanguka, kwa sababu baada ya kifafa mkono unaweza kulegea kwa masaa na ukakudanganya. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu kama anaomba dua, afumbe macho, uhesabu mpaka ishirini. Angalia kama wa kulia unashuka au kiganja kinajigeuza kuelekea ndani. Afu mwache akimbie uwanjani uone mkono upi haupepei vizuri. Ulichoona kiandike, umpe daktari, akiweke kwenye fomu ya kuombea picha. Na bibi mwambie kwa heshima zote amwache ale na kushoto kwa sasa, mtoto anahangaika na jambo asiloweza kulieleza.

Nisingekuwa mkweli nisipokwambia pia upande wa pili. Kuna kifafa kingine cha watoto, kinaanza sana sana kati ya miaka mitatu na kumi na nne, na chenyewe kinavuta mdomo, kinatoa mate, kinazuia kuongea, ila kwa kawaida kinakuja usingizini, mtoto ana nguvu sawa mikono yote, kipimo cha umeme wa ubongo kinaonyesha alama zake zinazojulikana, na kinaisha chenyewe akibalehe. Mama mwenye mtoto wa hivo akiniuliza kuhusu MRI ya gharama namwambia tunza hela yako. Wako siyo huyo. Wako kimeanza na miezi tisa, kinakuja mchana, dawa mbili zimeshindwa kukimaliza na mkono unalegea. Kwa wataalamu wa kifafa duniani, dawa mbili zinazofaa, zilizotumika vizuri kwa dozi ya kutosha, zikishindwa, hapo ndo tunaacha kubadilisha vidonge peke yake na kuanza kutafuta kwa bidii hiki kitu kinatokea wapi. Kwa hiyo daktari wako kuomba picha nyingine yuko sahihi kabisa, hapo shemeji amekosea. Kwenye karatasi ya majina mengi nitakuja, huko shemeji ana haki kidogo.

Sasa MRI ya kwanza kuwa safi. Mtoto akizaliwa ubongo wake una maji mengi, na nyaya za neva nyingi hazijavikwa ile ganda la mafuta tunaloita mayelini, ambalo linafanya kazi kama plastiki kwenye waya wa umeme. Ganda hilo linakuja taratibu, linaanza shina la ubongo na katikati na nyuma, linamalizia mbele na pembeni, na kwenye picha tunaona ubongo unafanana na wa mtu mzima kwenye miaka miwili hivi. Tofauti ya rangi kati ya gamba la nje, la kijivu, na sehemu nyeupe ya ndani, inategemea sana hayo mafuta. Kwa kichanga rangi ziko kinyume na za mtu mzima, afu kuna kipindi cha katikati zinakaribiana mpaka huoni gamba linaishia wapi. Mwanao alipigwa akiwa na miezi kumi na minne, yani katikati ya safari hiyo. Kutafuta kasoro ndogo ya gamba kwa mtoto wa umri ule ni kama kumtafuta mtu aliyevaa kanzu nyeupe msikitini siku ya Iddi, yupo lakini utamuonaje. Ndo maana watoto waliopigwa picha kabla ya miaka miwili ikaja safi na kifafa kikagoma, tunawarudia wakishafika miaka miwili na nusu hivi au zaidi. Wako amepita hapo zamani, kwa kweli hii picha imechelewa. Na CT iache kabisa isikupe amani ya moyo, CT inaona damu, mfupa, na maji yaliyojaa kichwani, kasoro ndogo za gamba inazipita tu.

Jambo la pili ni unene wa vipande. MRI haipigi picha moja kama ya simu, inakata kichwa vipande vipande bila kisu. Picha za kawaida, zile za mtu aliyekuja na maumivu ya kichwa, vipande vinakuwa na unene wa milimita 5 hivi na katikati ya kipande na kipande pameachwa nafasi. Kata mkate wa kumimina wenye zabibu kavu kwa vipande vinene uone, kuna zabibu zitabaki zimejificha ndani ya kipande hata hujui zilikuwepo. Kasoro ninayoishuku kwa mtoto kama wako, inayoitwa disiplezia ya gamba, yani sehemu ambayo seli zilijipanga vibaya akiwa bado tumboni, inaweza kuwa ndogo hivohivo. Mara nyingi inakaa chini kabisa kwenye mkunjo wa ubongo, bondeni, ambako macho yenye haraka hayafiki. Inavyoonekana ni hivi: gamba pale limenenepa kidogo kuliko la jirani, mpaka wake na sehemu nyeupe umefifia kama mstari wa penseli uliopitiwa na kidole chenye jasho, na saa ingine kuna kijimkia cheupe chembamba kinatoka hapo kinaelekea ndani kwenye vyumba vya maji ya ubongo. Basi, ni hayo tu. Unaweza kukaa nusu saa unaulinganisha upande wa kushoto na wa kulia, bonde kwa bonde, ndo unakiona, na ukishakiona unashangaa ulikipitaje mara ya kwanza.

Kwa hiyo cha kuombea hela ya familia ni vipande vyembamba. Shirika la kimataifa la wataalamu wa kifafa, ILAE, mwaka 2019 lilitoa mpangilio unaoitwa HARNESS, seti tatu tu: T1 ya pande zote tatu yenye unene wa milimita 1 bila kuacha nafasi, FLAIR nayo ya pande tatu milimita 1, na T2 nyembamba inayokata hipokampasi, kile kisehemu cha kumbukumbu kilichoko ndani usawa wa sikio. T1 inaonyesha umbo na unene wa gamba, FLAIR inazima mng'ao wa maji ya kawaida ili kasoro ing'ae peke yake, T2 inaonyesha kovu la hipokampasi. Huu ndo uti wa mgongo wa picha ya kifafa, na mashine nyingi za kisasa zinaweza. Uliza kituoni kwa maneno haya haya: "Mna protokali ya kifafa, ya milimita moja?" Wakikujibu "sisi tunapiga ubongo wote mama usijali", hujajibiwa.

Halafu hayo majina mengine. fMRI inaangalia damu inakimbilia wapi ubongo ukifanya kazi, msingi wake uliwekwa na Seiji Ogawa na wenzake mwaka 1990, na tunaitumia sanasana kabla ya upasuaji kujua sehemu ya kuongea na ya mkono ziko wapi ili daktari wa upasuaji asizikate. Mtoto inabidi awe macho, atajiwe wanyama, abonyeze vidole. Sasa karatasi yako inasema atalazwa usingizi na hapohapo inasema fMRI ya lugha, mtoto aliyelala atataja mnyama gani? Kuna namna ya kuifanya akiwa amelala lakini hiyo ni kazi ya vituo vinavyofanya upasuaji wenyewe wa kifafa, wenye watu wa kuisoma. DTI inafuatilia maji yanavyotembea kando ya nyaya za neva, kompyuta inachora njia zake kwa rangi, inapendeza sana kwa macho, na kazi yake kubwa ni hiyohiyo ya kumwonyesha daktari wa upasuaji njia ya mkono inapita umbali gani kutoka kwenye kasoro. Yani zote mbili ni ramani za safari, na sisi bado hatujajua tunakwenda wapi. Kwanza tuione kasoro. Ikionekana na upasuaji ukazungumzwa, zitafanyika pale patakapofanyika upasuaji, kwa hiyo ukilipa leo kuna hatari ulipe mara mbili.

Spektroskopia ni kitu kingine, haitoi picha, inatoa mistari yenye vilele, kila kilele ni kemikali: NAA ya seli za neva zenye afya, kolini, kriatini, na lakteti, ambayo kwenye ubongo wenye afya karibu haionekani. Naithamini mno kwa kichanga aliyechoka wakati wa kuzaliwa, yule aliyechelewa kulia, tunaangalia lakteti ndani kabisa ya ubongo na tunaiweka pamoja na picha ya difyusheni, ambayo inaonyesha seli zilizovimba ndani ya siku chache za kwanza kabla picha za kawaida hazijaonyesha chochote. Inasaidia pia kwa mtoto anayepoteza alivyokwisha kujifunza, aliyekuwa anatembea akaacha. Kwa wako, kama hakuna dalili ya hivo, naitoa kwenye karatasi. Na ile sindano ya kung'arisha picha, ya gadolinia, naitoa pia, labda picha zenyewe zionyeshe kitu kama uvimbe ndo iongezwe. Kasoro ya gamba haihitaji kung'arishwa. Tangu mwaka 2014 watafiti wa Japani walipoonyesha kwamba mabaki ya dawa hii yanaweza kukaa kwenye ubongo baada ya sindano nyingi, na Ulaya mwaka 2017 ikasimamisha matumizi ya nyingi za aina ile inayoachia kirahisi, sisi wa watoto hatuichomi kwa mazoea. Madhara ya hayo mabaki kwa ubongo hayajathibitishwa, ila mtoto asiyehitaji kwa nini achomwe.

Watu watakwambia nenda kwenye mashine ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), hizi za 1.5 ni za zamani. Tesla 3 ni nzuri, ukiipata yenye protokali ya kifafa chukua. Lakini 1.5 iliyopangwa vizuri na ikasomwa na mtu aliyeambiwa atafute nini inaishinda ya 3 iliyopigwa kama ya mtu mwenye kipandauso. Jirani zetu Malawi wamenifundisha hili kuliko kitabu chochote. Pale Blantyre kwenye hospitali ya Queen Elizabeth walikuwa na mashine ya tesla 0.35, kwa wauza mashine hiyo ni ya makumbusho, wakawapiga watoto wenye malaria iliyopanda kichwani wakiwa na swali moja tu, wanaokufa wanakufa kwa nini. Matokeo yalitoka mwaka 2015: watoto 168, wakafariki 25, na kati ya hao 25, 21 ubongo ulikuwa umevimba vibaya tangu siku ya kulazwa, yani asilimia 84, wakati kwa waliopona ni asilimia 27. Jambo lililobishaniwa miaka mingi, wakalifikia na mashine ndogo kwa sababu walijua wanachouliza. Ndo maana nang'ang'ania fomu yako. Fomu iliyoandikwa "kifafa, MRI ya ubongo" na iliyoandikwa "kifafa kinaanza mkono na mdomo wa kulia akiwa na fahamu, mkono wa kulia unadhoofika, angalia gamba la kushoto usawa wa mkono na uso" zitasomwa na mtu yuleyule kwa macho mawili tofauti.

Mama mkwe mtoe hofu. MRI haina mionzi ya eksirei, wala ya nyuklia. Ina sumaku na mawimbi ya redio, na ni redio kwelikweli: mashine ya tesla 1.5 inatumia mawimbi ya megahezi 64 hivi, ya tesla 3 kama 128, na redio zenu za FM ziko 88 mpaka 108, katikati yao. Chumba chenyewe kinazungushiwa shaba ili taarabu ya mtaani isiingie kwenye picha. Yenye mionzi ilikuwa ile CT, na yenyewe ni kidogo. Cha kuogopa kwenye MRI ni chuma. Sumaku haizimwi, iko kazini usiku na mchana hata kama mashine imenyamaza. Mwaka 2001 huko New York mtoto wa miaka 6 alifariki kwa sababu mtungi wa oksijeni wa chuma uliingizwa chumbani na sumaku ikauvuta. Kwa hiyo kabla ya mlango, wewe na mtoto: pini za ushungi, hereni, sarafu, funguo, simu, suruali yenye zipu, na hirizi, ndio, hirizi, nyingi zina bati au waya ndani, msifiche kwa aibu, hakuna atakayewacheka. Na mzazi yeyote mwingine anayesoma hapa, kama mtoto ana mpira wa kichwa kikubwa unaopunguza maji kwenda tumboni, useme mapema, kuna aina ambazo sumaku inabadilisha mpangilio wake na lazima ukaguliwe siku hiyohiyo.

Usingizi sasa. Picha hizi zinachukua nusu saa mpaka dakika arobaini na tano na mtoto akigeuza kichwa kidogo tu vile vipande vya milimita moja vinaharibika vyote, kwa hiyo kwa umri wake usingizi mara nyingi unahitajika, ingawa nimeona wa miaka mitano na nusu wakiweza bila dawa. Kuna binti mmoja mama yake alimfanyisha mazoezi wiki nzima chini ya meza ya chakula, kaifunika kwa mashuka mawili, simu ndani inapiga sauti ya MRI ile ya tak tak tak grrrr, mtoto kalala na sefuria ya plastiki kichwani anaambiwa yeye ni sanamu. Siku ya siku alilala dakika thelathini na nane hajatikisa hata kidole, akatoka akauliza mbona ya kwenu ina kelele kidogo, kumbe tulishamvalisha vizibo vya masikio. Jaribu, ikishindikana hamna ubaya. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2016 kuhusu watoto chini ya miaka mitatu wanaolazwa usingizi zaidi ya masaa matatu au mara kwa mara, wako hayupo kwenye kundi hilo, na utafiti mkubwa uliofuatilia vichanga waliolazwa chini ya saa moja mpaka wakafika miaka mitano haukuona tofauti ya akili. Hatari halisi ya siku hiyo ni tumbo lililoshiba. Chakula na maziwa ya kopo au ya ng'ombe mwisho masaa sita kabla, maziwa ya mama manne, maji matupu mawili, na uji ni chakula dada yangu, hata ukiwa mwepesi. Bibi asimhurumie akampa kipande cha mkate njiani, mtoto akitapika amelala yanaingia kwenye mapafu. Lakini dawa ya kifafa ya asubuhi asiikose, muulize mtaalamu wa usingizi siku moja kabla, kwa kawaida anaruhusu inywewe na maji kidogo sana, kwa sababu kuruka dozi ndo kunaleta kifafa palepale mlangoni.

Siku hiyo nenda na video ya kifafa kwenye simu, ile inayoonyesha kinavyoanza, na CD ya picha za zamani, zile zenyewe, karatasi ya majibu haitoshi. Na ukitoka usiondoke na filamu zilizochapishwa tu, dai picha zote kwenye CD au flash, kwa sababu ile T1 ya milimita moja anaweza kusomewa tena na mtu mwingine Dar au Nairobi au popote bila mtoto kulazwa usingizi mara ya pili, na siku hizi kuna programu kama ile ya mradi wa MELD wa London ambazo zinapima unene wa gamba nukta kwa nukta na kuonyesha mahali pa kuangaliwa tena, bado ni za utafiti, ila hazifanyi chochote bila vipande vyembamba. Ikija safi tena usikate tamaa, wapo watoto wenye kasoro ambayo hata mashine bora haiioni, hapo tunarudi kwenye kipimo cha umeme kilichorekodiwa kifafa kikiwa kinaendelea na tunaangalia picha upya upande uleule. Ikionekana, omba barua ya kwenda kwa daktari wa neva wa watoto mwenye timu ya upasuaji wiki hiyohiyo, usisubiri mpaka dawa ya tatu na ya nne zijaribiwe kwa miaka. Na hilo jaribio la mikono lifanye leo jioni kabla hajalala, uniandikie ulichoona.